Mifuko 31 ya simenti imepita hesabu. Nimwulize vipi fundi wangu?

MuuguziWaMalaba

Hamjambo ndugu zangu. Naomba ushauri wa waliokwisha kujenga, na wa mafundi wenyewe kama wamo humu.

Ninajenga nyumba ya vyumba vitatu vya kulala nje kidogo ya Malaba, upande wa kuelekea Tororo. Kiwanja alinipa mama, kinashuka kuelekea bondeni. Mimi ni muuguzi Kampala na zamu zangu nyingi ni za usiku, kwa hiyo kwenye saiti nafika mara moja kwa mwezi, nikibahatika mara mbili. Aliye pale kila siku ni mama. Ana miaka 68, na yeye ndiye anayefungua stoo asubuhi na kuifunga jioni.

Fundi nililetewa na kaka yangu. Ni kijana wa hukohuko, ana mke na watoto wawili. Tulipatana ufundi peke yake, vifaa nanunua mimi: shilingi milioni 9 za Uganda mpaka bati lipande. Siku ya kuanza nilimpa milioni 3. Msingi ulipopanda nikampa milioni 2 na nusu, jamvi, yaani zege la sakafu, likamwagwa, sasa ni wiki tatu. Leo anataka milioni 2 nyingine ndipo aanze kuta. Nikimwambia asubiri kidogo, anajibu kwamba vijana wake watakwenda kutafuta kazi kwingine.

Hilo ni moja. La pili ndilo linaloninyima usingizi hata siku ambazo sina zamu. Aliyenichorea ramani alinipa hesabu ya mifuko 120 ya simenti kufikia jamvi. Nimekusanya risiti zote za duka la Tororo nikakuta mifuko 151. Nimejumlisha mara tatu ndani ya taksi nikirudi Kampala, jibu halibadiliki. Mifuko 31 imekwenda wapi?

Sijamwambia neno. Mama ananisihi nisimguse, kwa sababu mchana wanakula sahani moja na kila jioni humtekea maji kisimani kabla hajapanda baiskeli kwenda kwake. Kaka anasema mafundi wote wanaiba, kinachotakiwa ni kumpata anayeiba kidogo. Mimi siwezi kumjengea mama yangu nyumba kwa moyo wa namna hiyo. Nikinyamaza, nitakuwa namtazama kwa jicho baya mpaka siku ya paa. Nikimwuliza vibaya, ataondoka na nyumba ibaki jamvi tupu kwenye mvua. Mngekuwa ninyi mngeanzia wapi?

Jirani_Walukuba

Dada, mfuko mmoja ni kilo 50. Mifuko 31 ni zaidi ya tani moja na nusu. Tani haipotei kwa bahati mbaya. Mimi hapa Jinja niliwahi kukuta simenti yangu imepiga lipu nyumba ya mtu mwingine mtaa wa pili. Mlipe alichofanya, badilisha kufuli ya stoo, tafuta fundi mwingine. Usibembeleze.

MamaPacha_Kira

Dada, kabla ya kumfukuza kaa chini ujiulize: ni kitu gani ulimwagiza fundi kwa simu kisha ukasahau?

Nasema hivyo kwa sababu yalinikuta. Nilimpigia fundi nikiwa sokoni, nikamwambia jiko lisogezwe nje futi mbili na mbele aweke baraza dogo. Akaitikia, akafanya. Miezi miwili baadaye nikawa nalia na matofali na simenti iliyopita kiasi. Alitoa daftari lake la mazoezi la watoto wa shule, akanionyesha tarehe na saa niliyompigia, na maneno yangu mwenyewe kwa mwandiko wake. Niliona aibu mbele ya vibarua wake.

Tangu siku ile tuliweka daftari moja la saiti, linakaa stoo. Kikiongezwa kitu chochote, kinaandikwa pale pamoja na bei yake ya ufundi na vifaa vyake kabla mtu hajashika mwiko, tunatia sahihi wote wawili. Nikiwa mbali ananipigia picha ya ukurasa, namjibu kwa maandishi. Simu ya mdomo tu hatukuikubali tena. Hata yeye ilimsaidia, maana mume wangu naye alikuwa na tabia ya kupita pale na kuagiza yake.

MwashiMzee_Busia

Binti yangu, pole na zamu za usiku. Mimi ni mwashi. Nilishika mwiko mwaka 1984, siku hizi macho hayasomi timazi vizuri, kwa hiyo nasimamia vijana. Nakuomba usimwite mtu mwizi kabla hujapima kiwanja chako.

Umesema kiwanja kinashuka. Katika maneno yako yote hilo ndilo lililonishtua, na wewe umelipita haraka. Aliyekuchorea ramani alifika pale? Wengi wanapiga hesabu ya msingi kana kwamba ardhi ni meza. Jamvi lazima lilale sawa, kwa hiyo kwenye mteremko ukuta wa msingi upande wa bondeni hupandishwa mpaka ulingane na upande wa juu. Kozi hizo za ziada, yaani safu za matofali, hazimo kwenye karatasi yako, lakini matofali yake yalijengwa, na simenti yake ilikorogwa.

Mtume kaka yako Jumamosi. Azunguke nyumba ahesabu kozi za matofali zinazoonekana kutoka ardhini mpaka chini ya jamvi, pembe zote nne, akuandikie. Kisha aingie stoo, ahamishe mifuko iliyobaki mmoja mmoja mpaka afike wa chini kabisa, ule ulioegemea ukuta. Aubonyeze kwa vidole. Usipobonyea, hapo amepata sehemu ya jibu. Simenti ikilala chini kwenye udongo inavuta unyevu na kuganda ndani ya mfuko wake. Inatakiwa ilale juu ya mbao, iachane na ukuta, na iliyoingia kwanza ndiyo itoke kwanza.

Sasa pesa. Umekwisha kutoa milioni 5 na nusu kati ya 9, na nyumba iko kwenye jamvi. Kwa kazi ya ufundi hapo hujafika nusu: bado kuta, linta ya juu ya milango na madirisha, mkanda wa zege wa juu ya kuta, bado kupaua. Ukimpa 2 leo, itabaki milioni moja na nusu ya kumvuta njia yote hiyo. Fundi akifika hapo, hata awe mtu mwema, huanza kuchukua saiti nyingine, kwa sababu yako haina chakula tena. Nimewaona wengi wakikimbia kazi hivyo. Wenye nyumba wakasema ni wezi, na wao wenyewe walikuwa wameilipa kazi kabla haijafanyika.

Lakini aliyokwambia kuhusu vijana ni kweli, usiyachukulie kama vitisho. Saiti yangu ya mwisho nilikuwa na waashi wawili kwa 35,000 kwa siku na vibarua wanne kwa 15,000. Ni 130,000 kila jua likizama, 780,000 kwa wiki ya siku sita. Jumamosi ikipita bila pesa, Jumatatu nabaki peke yangu na karai.

Kwa hiyo ile milioni 3 na nusu iliyobaki ikateni vipande vya kazi inayoonekana. Kuta zikifika chini ya madirisha, 600,000. Linta ikimwagwa, 700,000. Mkanda wa juu, 700,000. Bati la mwisho likipigwa msumari, milioni 1. Laki 5 za mwisho zibaki kwako mpaka msimu mmoja wa mvua upite juu ya paa hilo. Katikati ya kipande, Jumamosi achukue kiasi cha kuwalipa vijana kulingana na kozi zilizopanda wiki ile. Mwambie mapema na kwa uwazi, maana itambana: ile ya mwanzo nadhani ameshaimaliza.

Na Jirani wa Walukuba, ndugu yangu, fundi wa pili akikuta jamvi la mwenzake hatalibeba. Kila ufa utakaotokea atasema ni wa yule wa kwanza. Fukuza ukiwa na ushahidi, usifukuze kwa hasira.

Mnubi_wa_Bombo

Kwa ufupi tu. Dada hukutaja karatasi yoyote. Uganda, Sheria ya Mikataba ya 2010 inataka makubaliano yanayozidi shilingi 500,000 yawe ya maandishi. Yako ni ya milioni 9. Hata sasa hujachelewa: andikeni yaliyokwisha kulipwa, yaliyobaki na vipande kama Mzee alivyovigawa, mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, atie sahihi kama shahidi, na shahidi mmoja wa kila upande. Na andikeni nani analeta maji, nani analipa mlinzi, mbao za linta ni za nani. Magomvi niliyoyaona hapa Bombo mengi yametoka kwenye mbao na maji, si kwenye milioni.

Tena uliza kuhusu kibali cha ujenzi. Sheria ya Udhibiti wa Ujenzi ya 2013 inakitaka kabla ya kuanza, na mwenye nyumba ndiye anayebanwa. Fundi hata akikwambia "huku kijijini hawaji," siku wakija watakuuliza wewe.

MuuguziWaMalaba

Mzee, asante sana. Kaka alikwenda jana asubuhi, nami nimefika leo kwa basi la usiku kutoka zamu moja kwa moja. Haya ndiyo tuliyoyaona.

Pembe mbili za mbele, kozi 2. Pembe mbili za nyuma, kozi 9. Nilikuwa nimesimama mbele ya nyumba ile mara nyingi, nyuma nilipita mara moja tu na kulikuwa na rundo la mchanga. Leo nimesimama chini ya pembe ya bondeni, jamvi linanifika kifuani.

Stoo: mifuko 7 ya chini kabisa imekuwa mawe. Mmoja tumeupasua, umetoka kama mkate, umbo la mfuko mpaka mikunjo yake. Ilikuwa imelazwa juu ya udongo mtupu. Mimi ndiye niliyenunua mifuko 40 kwa mara moja nikikimbia bei kupanda, na hakuna aliyewaambia vijana waipange wapi.

Na Mama Pacha, umenigusa. Mwezi wa kwanza wa ujenzi nilimpigia fundi nikamwambia kwanza achimbe choo na amwage zege la juu yake, ili vibarua wasiende vichakani mbele ya mama. Choo kipo, ninakiona hapa nilipokaa. Mchoraji hakukitia kwenye hesabu kwa sababu sikumwambia. Fundi anasema kilikula mifuko 5, nami nikikitazama naamini.

Urefu wa misingi yote, nje na ndani, kaka amepima ni mita 62. Mzee, nisaidie hesabu ya zile kozi.

MwashiMzee_Busia

Tofauti ya mbele na nyuma ni kozi 7. Kwa tofali letu la kuchoma, pamoja na udongo wa simenti wa katikati yake, kozi moja ni kama sentimita 12, kwa hiyo nyuma imezidi mbele kwa sentimita 84. Wastani wa nyumba nzima chukua nusu, sentimita 42. Zidisha kwa mita 62, unapata ukuta wa mita mraba 26 ambao mchoraji hakuuona. Ukuta mpana wa inchi 9 kwa mchanganyiko wa moja kwa nne, simenti kwa mchanga, hunywa mfuko mmoja kila mita mraba mbili hivi. Hiyo ni mifuko 13. Ongeza 3 ya vidato, pale zege la chini linapopanda ngazi kufuata mteremko.

13 na 3, na 5 ya choo, na 7 iliyoganda: 28. Imebaki 3 kati ya 31. Kwa mifuko 3 katika 151 mimi nisingemwita kijana barazani. Ningemsomea hesabu nzima, nikaiacha hiyo 3 mezani, nikanyamaza, nimsikie.

Sasa sikiliza, binti. Muda wote huu wewe umekuwa ukihesabu mifuko, mimi nawaza kifusi. Kozi 9 upande wa nyuma maana yake chini ya jamvi kuna karibu mita moja ya udongo uliojazwa na mtu. Kilijazwa nini, na kilishindiliwa vipi? Kifusi hujazwa tabaka la sentimita 15, kinamwagiwa maji kidogo, kinashindiliwa mpaka mguu usiache alama, ndipo tabaka jingine. Wenye haraka humwaga tripu nzima za maramu, wakasawazisha juu wakafunika kwa zege. Mvua mbili zikipita kifusi kinalala chini, jamvi linabaki hewani kama daraja, kisha linapasuka katikati ya sebule.

Chukua kipande cha nondo. Vua viatu, tembea juu ya jamvi upande wa bondeni ukigonga kila hatua. Penye kifusi kizuri sauti ni fupi na nzito. Penye uwazi italia kama ngoma, na utaisikia mpaka kwenye nyayo. Weka alama ya chaki. Fanya hivyo kabla kuta hazijapanda, kwa sababu leo kurekebisha ni kazi ya siku mbili.

Fundi awe pale pale mnapogonga. Mpe nondo agonge yeye.

Jirani_Walukuba

Mzee nimekusoma. Nilijibu kwa machungu yangu mwenyewe. Dada, endelea kutujulisha.

MuuguziWaMalaba

Nimerudi Kampala, naandika kabla ya kuingia zamu.

Tuliketi watatu chini ya mwembe, mimi, fundi na mama. Nilimsomea kutoka mwanzo: 120, 151, kozi, vidato, choo, iliyoganda. Alisikiliza mpaka mwisho akasema, "Dada, nilijua unahesabu. Nilikuwa nangoja siku utakayoniuliza." Ile 3 alisema haijui. Hakukasirika. Mama ndiye aliyekumbuka kwamba wiki ya jamvi funguo ya stoo ilikaa kwa mlinzi usiku mbili, yule aliyeacha kazi. Tumeiacha hapo. Kuanzia sasa mfuko ukitoka stoo unapigwa alama kwenye daftari, na mfuko mtupu unarudi kufungwa kumi kumi.

Nilimwambia pia kuhusu vipande vya malipo. Aliinama muda mrefu akichora chini kwa kijiti. Akasema anaweza, ila Jumamosi isivuke. Nikamwahidi kwamba pesa itafika kwenye simu yake Jumamosi saa sita mchana hata nikiwa wodini. Alipoinua kichwa aliniambia kwamba tangu aanze ufundi hakuna mwenye nyumba aliyewahi kumtajia saa.

Kisha tukagonga. Yeye mbele na nondo, mimi nyuma na chaki. Sehemu kubwa ni nzito kama Mzee alivyosema. Lakini pembe ya sebule upande wa bondeni ililia. Aligonga mara ya pili, akasimama, akanitazama. Ni kama mita moja na nusu kwa mita moja. Hakusubiri nimwulize. Alisema siku ile ya kifusi mvua iliwakuta, vijana wakamwaga toroli za mwisho pale wakakimbilia stoo, naye alikuwa upande wa pili hakurudi kupashindilia.

Jumatatu anakata zege la pale palipolia. Ufundi ni wake, simenti ni yangu, na kaka atakaa pale kutazama kila tabaka. Mzee, nauliza la mwisho: akishajaza na kushindilia, zege jipya litashikana na la zamani?

MwashiMzee_Busia

Litashika akifanya hivi. Akate kingo zisiwe laini, ziwe na meno. Afagie vumbi lote, aoshe, aache kingo zikiwa na unyevu bila maji kutuama, apake uji mzito wa simenti tupu, na kabla uji huo haujakauka amwage zege. Mfuko mmoja, visanduku viwili vya mchanga, vinne vya kokoto. Kisanduku kiwe kimoja kinachojaa mfuko mmoja wa simenti, wasipimie toroli, maana toroli moja huja imejaa kilima na nyingine imejaa nusu. Maji yasizidi jerikani moja na robo kwa mfuko, na mchanga ukiwa umelowa mvua yapungue. Vibarua watataka liwe uji ili limwagike kwa urahisi, asiwakubalie. Halafu lifunikwe magunia na kumwagiwa maji asubuhi na jioni siku saba.

Siku hizo saba asipoteze muda, ajenge kuanzia pembe za mbele. Na mwambie mama asibebe hayo maji yeye.

MuuguziWaMalaba

Maji tumekwisha kuyaandika kwenye karatasi ya LC1, ni ya fundi. Asante Mzee. Kengele imelia, naingia wodini.